Nyungu ya Siku Yake

Sisi watoto wa Kibera tulimwita Mama Mdogo, na hata baada ya kukua hatukuacha. Alikuwa mke wa pili wa Baba, aliishi Kawangware, na chini ya kitanda chake palikuwa na shimo lenye divai ya kanisa letu. Mambo hayo watu wote waliyajua na hakuna aliyeyataja. Ungemuuliza mzee yeyote wa kanisa divai ya Meza ya Bwana inatoka wapi, angekuonyesha mama yangu mzazi, na Mama angeinamisha kichwa kidogo kama mtu anayeona haya akisifiwa. Haya nilikuwa nikiona mimi, kwa niaba ya nyumba nzima.

Shimo lilichimbwa na Baba, ambaye alikuwa fundi wa mawe. Lilianza kama maficho. Kabla hajaokoka, Mama Mdogo alikuwa mpishi wa busaa, pombe ya nafaka, na askari walipokuwa wakipita wakipindua madramu ya watu, yake yalikuwa yamelala salama chini ya kitanda. Kwetu Kibera, karibu na kituo cha Olympic, Baba asingeweza kuchimba kitu kama hicho. Ukifika kimo cha kiwiko unakutana na maji ambayo hutaki kujua yametoka wapi. Lakini Kawangware udongo ni mwekundu na mkavu, na Baba alichimba mpaka mtu akaweza kusimama ndani. Akajenga kuta kwa vipande vya mawe alivyookota kwenye majengo, akaweka ngazi fupi, akafunika kwa mbao. Juu yake mkeka, na juu ya mkeka kitanda.

Mama Mdogo alipookoka aliacha busaa siku hiyo hiyo. Shimo likabaki. "Mimi nimeokoka, shimo bado," alikuwa akisema. "Nitaliokoa polepole."

Nafasi ilikuja kanisa liliposhindwa kununua divai ya chupa kutoka duka la Ngong Road, wazee wakaanza kutumia soda nyekundu. Jumapili moja mzee wa kanisa akapiga mbweu katikati ya sala ya toba, sauti ikasikika hadi nje, na kina mama wa kwaya wakacheka mpaka wimbo ukawashinda. Wiki hiyo Mama Mdogo alimtuma Baba kwa wazee: anajua kutengeneza divai, na ana mahali pa kuilaza. Wazee wakakaa, wakaomba, wakakubali kwa sharti moja. Divai ipokewe kanisani na mikono ya mtu anayekula Meza. Maana yake ilikuwa mama yangu, mke wa pete, ambaye ndiye aliyekuwa akiosha vikombe na kutandika kitambaa.

Hapo nieleze sheria yetu, kwa sababu ndiyo iliyomla mwanamke yule. Katika kanisa letu, mwanamume akioa wa pili, yeye na huyo wa pili wanakaa mbali na Meza. Wanaimba, wanatoa sadaka, wanazikwa na kanisa, lakini kikombe kinawaruka. Mke wa kwanza hana kosa, anaendelea. Baba hakujali. Baba, kuanzia ugali mbichi mpaka kifo cha ndugu yake, alikuwa na jibu moja tu: "Iko sawa." Lakini Mama Mdogo alijali kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuona mtu akikijali. Alitembea kutoka Kawangware hadi Kibera, akapita makanisa yasiyohesabika njiani, akaja kuketi benchi la mwisho ili kikombe kimruke.

Na kikombe chenyewe ni yeye aliyekijaza.

Nilikuwa nikiuza nguo za mitumba Soko la Toi, na kibanda changu kilikuwa kwenye njia yake. Siku ya kwanza nilimwona akipekua shuka zangu nikadhani anatafuta za kitandani. Alichukua shuka moja nene ya pamba, akaibana mdomoni, akaweka kiganja upande wa pili, akapuliza. Akaitupa. Akachukua nyingine, akapuliza tena.

"Mama, unanunua shuka ama unapiga filimbi?" mteja mmoja akamuuliza.

"Nasikiza pumzi yake," akajibu bila kumtazama. Kisha akanigeukia mimi. "Hii mwanangu ni fagia tu, masalio ya mtumba, inateleza. Nitafutie ile nzito ya hoteli. Ikipitisha upepo kama mtu amelala, hiyo ndiyo inachuja vizuri. Ikipitisha kama mtu anakimbia, takataka yote inapita."

Tangu hapo nilikuwa nikimwekea. Kwa shuka hizo alichuja matunda ya zambarau, ambayo watu wa kwetu Magharibi huyaita jamna. Msimu ukifika, magunia yalikuja kwa basi, yakiwa yameanza kuchacha njiani, na makondakta walimtukana kwa sababu ya madoa. Aliziponda kwa mikono ndani ya beseni hadi vidole vikawa vyeusi. Akatia sukari, yeye ambaye chai yake ilikuwa chungu kwa ubahili, akaacha zichemke zenyewe bila moto chini ya kitambaa. Zikitulia alichuja, akamimina ndani ya nyungu alizozipaka nta ya nyuki, akaziba midomo kwa nta na udongo, akazishusha shimoni kwa kamba. Huko zilikaa mpaka msimu mwingine ukaja. Hakuingia na taa ya mafuta, alisema divai inavuta harufu. Aliingia na tochi, na aliingia bila viatu.

"Mwizi wa divai ni hewa," alikuwa akisema. "Polisi anakuja mara moja. Hewa inakuja kila saa." Na ukimharakisha: "Nyungu haifukuzwi." Msemo mwingine niliusikia mara moja tu, akiwa amekaa juu ya furushi la nguo kibandani kwangu, akipumzisha mgongo. "Divai ni kama mke wa pili. Unaiweka chini pasipoonekana, lakini wageni wakija, ndiyo unaikumbuka." Alicheka aliposema hivyo. Mimi nikajifanya napanga suruali.

Alikuwa na mzaha mwingi kwa mtu aliyebeba mzigo kama ule. Siku mchungaji alipomshukuru Mama mbele ya kanisa lote "kwa kazi ya mikono yake", Mama Mdogo alipiga makofi kuliko wote, kutoka benchi la mwisho, kwa vidole vyeusi. Nilipomkuta nje nikashindwa kumtazama. Akanishika bega.

"Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji," akaniambia. "Mimi hakuna mtu amewahi kunisifu. Ndiyo maana divai yangu haina maji."

Sikuwahi kumwona akionja. Alipotaka kujua kama nyungu imeiva aliweka sikio ubavuni mwake, akanusa pale penye nta, akadondosha tone kwenye kitambaa cheupe akaangalia rangi inavyotambaa. Kisha alimpa Baba kijiko kimoja. Baba alimeza, akafikiri, akasema, "Iko sawa," na nyungu ikafungwa tena. Nilidhani anaogopa pombe, kama walokole wengi waliotoka huko.

Nyuma kabisa ya shimo, Baba alikuwa ametoa jiwe moja ukutani na kuchimba chumba kidogo. Humo ilikaa nyungu moja kubwa kuliko nyingine, ambayo haikuguswa misimu ikaja na kupita. Hiyo sikuwa nimeiona kwa macho yangu, lakini Baba aliitaja. Mama Mdogo aliiita "nyungu ya siku yangu". Siku atakayoitwa mezani, kanisa lote litakunywa kutoka humo, naye atakunywa pamoja nao.

Njia ya kuitwa ilikuwepo, na aliambiwa. Wazee walimwita wakamwambia amwache Baba. Hakuwa na mtoto naye, hakuna kilichomfunga, angetubu angekuwa mezani mwezi unaofuata. Alirudi na jibu siku hiyo hiyo.

"Nimtoe yeye nje ndio niingizwe ndani? Huyo alinichimbia shimo kwa mikono yake. Nitangoja."

Kungoja kwenyewe kulikuwa na gharama. Kuna mwaka askari wa chifu walipata habari za shimo. Walisukuma kitanda, wakainua mbao, wakashuka na marungu.

"Hii ni nini?"

"Ni ya Yesu."

"Yesu ako na leseni?"

Walipandisha nyungu zote walizoziona, wakazimwaga barabarani, kisha wakamchukua yeye. Kuku wa Kawangware walilewa siku hiyo, jogoo mmoja akawika saa nane mchana na kuanguka mtaroni. Alikuwa akisimulia kipande hicho mwenyewe huku akijipiga mapaja. Kipande kilichofuata hakukisimulia, nilikijua kutoka kwa Baba. Akiwa kwenye kambi ya chifu alituma ujumbe kanisani: aje mzee mmoja tu, aseme divai ni yao, ataachiliwa. Wazee wakajibu kwamba hawana habari ya divai yoyote ya Kawangware. Divai yao hutengenezwa na mama wa hapa Kibera, mke wa pete, mtu wa heshima. Mama alikuwepo waliposema hivyo. Alikuwa akikunja kitambaa cha meza, akaendelea kukikunja.

Mama Mdogo alifagia kambi ya chifu mpaka wakachoka kumtazama wakamwachilia. Hawakuwa wameona jiwe la nyuma. Mwezi uliofuata alileta divai kama kawaida, kutoka kwa ile iliyokuwa imebaki kwenye mitungi ya plastiki ambayo haikuwa shimoni, na Mama akaipokea mlango wa nyuma. Walisalimiana kwa adabu. "Habari ya Kawangware?" "Njema. Habari ya huku?" Hapana zaidi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na sufuria ya vikombe, nikitamani ardhi ya kanisa nayo iwe na shimo.

Sitaki mtu adhani mama yangu alikuwa mbaya. Mama Mdogo alipougua malaria, Mama ndiye aliyenituma na uji na dawa, akanikataza kusema zimetoka kwake. Lakini kuna kitu kinaitwa shukrani ya kila mwezi. Ukiambiwa asante mbele ya watu kwa muda mrefu, mwishowe unaona mikono yako kweli ina madoa ya zambarau. Na yule alikuwa amechukua nusu ya mumewe. Labda Mama aliona kuchukua nusu ya divai si dhambi kubwa sana. Nimejaribu kumtetea hivyo mara nyingi na bado uso wangu unawaka.

Kisha Baba akafa. Tulimzika nyumbani Magharibi, wajane wawili wamekaa mkeka mmoja, mmoja kichwani mwa jeneza na mwingine miguuni. Tuliporudi Nairobi mchungaji akatangaza kwamba mjane ni huru, na mwanamke wa benchi la mwisho anaweza kuletwa mezani. Kulikuwa na desturi ya kutimiza. Mke wa kwanza asimame, aende mpaka nyuma, amshike mkono mwenzake, amlete mbele, aseme kwa sauti: "Hakuna neno kati yetu." Ni hayo tu. Wengine wameletwa hivyo kabla yake na wengine baada yake.

Jumapili hiyo alifika mapema na mtungi wa plastiki mgongoni, umefungwa kwa shuka mpya ya hoteli. Nilijua ni nini. Mama aliupokea mlango wa nyuma, akajaza vikombe vidogo mwenyewe, kimoja kimoja, bila kumwaga hata tone. Mama Mdogo alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani. Vidole alikuwa amevisugua na ndimu mpaka ngozi ikachubuka, lakini weusi ulikuwa haujatoka.

Mchungaji akaita. Kwaya ikaanza. Mama Mdogo akasimama kwenye njia ya katikati, kule nyuma, mkono wa kulia umetangulia kidogo mbele.

Mama alikuwa amekaa kando yangu. Akafungua mkoba wake akaanza kutafuta kitu. Nilikijua kilichokuwa ndani ya mkoba ule: leso, funguo, na peremende za watoto wa jirani. Alitafuta. Kwaya ikamaliza ubeti wa mwisho, ikatazamana, ikarudia wimbo kuanzia mwanzo. Alitafuta bado. Watu wakaanza kugeuka, wakimtazama Mama, kisha nyuma, kisha Mama.

"Mama," nikamnong'onezea.

"Natafuta leso," akasema. Leso ilikuwa mkononi mwake.

Mke wa kwanza ndiye anayeshika mkono. Mtoto hawezi, desturi haimtambui. Nilijiambia hivyo na ilikuwa kweli. Mchungaji akakohoa, akasema tutaendelea na ibada. Nyuma yangu nikasikia benchi la mwisho likilia kama linavyolia mtu akikaa.

Vikombe vikapita. Tukanywa nyungu ya siku yake, kanisa zima, mpaka watoto wa ubatizo wa mwaka ule. Changu nilikimeza haraka nikitazama sakafu ya simiti. Ibada ilipoisha kina mama wakamzunguka Mama, wakamshika mikono. "Leo umejipita," wakamwambia. "Hii ya leo ni ya mbinguni." Nilipotoka nje, Mama Mdogo alikuwa ameshaondoka, na mtungi mtupu ulikuwa umeachwa mlango wa nyuma, umesuuzwa.

Hakurudi tena. Kanisa likarudia soda, na watu wakawa wakimuuliza Mama mbona siku hizi hatengenezi. Akawaambia mikono imechoka.

Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni presha ilipomlaza Mama upande mmoja. Mchungaji akaahidi kumletea Meza kitandani Jumapili. Mama akaniita.

"Sitaki soda," akasema kwa ulimi mzito. "Nataka ile yenyewe. Nenda Kawangware."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ni mimi nimeomba."

"Na nimwambie aje akuone?"

Akageuza macho ukutani. Nikavaa viatu.

Nilimkuta Mama Mdogo mlangoni kwake akichagua viazi, vizuri huku, vya kuoza kule. Alikuwa amezeeka kwa namna ya watu wembamba, bila kubadilika sana. Vidole vilikuwa vimekuwa safi. Hicho ndicho kilichonishtua.

"Ala! Mtoto wa mwenzangu," akasema. "Ingia. Toi wanakuachilia mchana siku hizi?"

Akanipa chai yenye sukari ya kuhesabu. Nikamweleza hali ya Mama, nikazunguka, nikasifu viazi. Akanikatiza.

"Amekutuma divai ama amekutuma mimi?"

Ningeweza kusema uongo na pengine ungemfaa. "Divai, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Angalau hujaniongopea." Akainuka. "Shika huko, tusukume kitanda."

Nilishuka shimoni kwa mara ya kwanza maishani mwangu, bila viatu, nyuma ya tochi yake. Kulikuwa na ubaridi mzuri. Kulinuka viazi, na nyuma ya viazi, mbali, matunda. Nyungu zilikuwa zimepinduliwa kando ya ukuta. Kuta za Baba zilikuwa zimenyooka kama alizijenga jana. Mama Mdogo akavuta jiwe la nyuma, akaingiza mkono kwenye mchanga, akatoa chupa moja iliyozibwa kwa nta.

"Ni ile ya siku yangu," akasema. "Nyungu ilikuwa kubwa kuliko mtungi, hii ikabaki. Mpelekee. Usiifungue njiani, hewa itaiiba kabla ya Jumapili."

Chupa ilikuwa baridi. Nilitamani kuirudisha mchangani.

"Si ubaki nayo, mama? Uinywe mwenyewe."

"Niinywe na nani? Meza ni ya watu. Mtu hawezi kujiandalia Meza peke yake chini ya kitanda." Akazima tochi kuhifadhi betri, tukabaki na mwanga mdogo uliokuwa ukishuka kutoka chumbani. "Mimi niliapa siionji mpaka siku nitaitwa. Hata tone. Miaka hiyo yote nilikuwa nanusa tu."

Akasogea karibu, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu anayeona aibu kuomba.

"Babako nikimuuliza alikuwa anasema tu iko sawa, iko sawa. Na hao wengine siwezi kuwauliza. Wewe mwanangu umesoma, unajua maneno. Ile ya siku yangu, si uliinywa? Niambie. Ilikuwa tamu aje?"

Nilitafuta. Nikarudi mpaka kwenye benchi lile, nikashika kikombe kile tena, nikakiinua. Nikaona sakafu ya simiti, ufa wake, kiatu cha Mama, mkoba. Mdomoni hapakuwa na kitu. Alikuwa akiningoja gizani, kichwa ameinamisha upande, kama alivyokuwa akisikiliza nyungu.

"Ilikuwa sawa, mama," nikasema.